Ndugu Aliyejulikana Matangani

Mzazi anapofariki, jamaa huchimba kaburi moja, lakini katika siku zile za maombolezo hufukuliwa pia mambo mengine yaliyokuwa yamezikwa zamani. Madeni hujulikana. Kiwanja kilichouzwa kwa siri hujulikana. Na mara nyingine, siku ya pili au ya tatu ya matanga, hutokea kijana mlangoni mwa ua ambaye wenye nyumba hawamjui, ila wazee wakimtazama uso hunyamaza ghafula. Kijana huyo naye ni mtoto wa marehemu.

Watu wengi humwita mtoto wa namna hiyo "ndugu wa kambo". Jina hilo si sahihi. Ndugu wa kambo ni yule aliyeletwa nyumbani na ndoa ya mzazi, asiye na damu moja na wenzake. Huyu aliyesimama mlangoni ni ndugu wa baba mmoja, mama mbalimbali. Damu iliyokuwa katika mishipa ya marehemu imo katika mishipa yake kama ilivyo katika mishipa ya watoto walioketi ndani. Ni vyema jambo hilo lieleweke tangu mwanzo, kwa sababu makosa mengi yanayofuata huanza na kumwita mtu jina lisilo lake.

MPAKA NA NYUMBA MBILI

Jambo hili hutokea katika kila nchi, lakini katika sehemu kama Molo, wilayani Tororo, na katika miji ya Malaba na Busia, lina mizizi yake. Mwaka 1902 Waingereza waliukata Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuutia katika eneo ambalo baadaye, mwaka 1920, liliitwa Kenya. Waiteso na Wasamia wakajikuta wako pande mbili za mstari ambao babu zao hawakuuchora. Mjomba akawa Mganda na mpwa akawa Mkenya, na njia ya kwenda kusalimiana ikawa njia ya kuvuka mpaka.

Kisha ikaja reli kutoka Nakuru na Eldoret, ikapita Tororo, na ikafika Kampala mwaka 1931. Reli ilileta makarani, mafundi na wapiga ishara ambao leo walikuwa Tororo, mwakani Nakuru, na mwaka uliofuata Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoundwa mwaka 1967, uhamisho huo ulikuwa jambo la kawaida. Ilipovunjika mwaka 1977, shirika la reli liligawanywa, wafanyakazi wakarudi makwao, na baadhi yao waliacha ng'ambo ya mpaka vitu ambavyo havikuweza kupakiwa katika behewa. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 Waganda wengi walikimbilia Kenya, wakaishi huko miaka kadhaa, na waliporudi si wote waliosimulia maisha yao yote.

Askari wa jeshi na wa polisi anaielewa hali hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Kazi yake ni ya amri. Barua ya uhamisho ikifika, hufunga sanduku. Mke hubaki nyumbani akilinda shamba na shule ya watoto, na mume hukaa Moroto, Gulu au Mbarara kwa miaka. Wengi huvumilia upweke huo kwa heshima. Wengine hawavumilii. Mtoto huzaliwa, fedha kidogo hutumwa kwa muda, kisha uhamisho mwingine hutokea, na siri hubaki katika moyo wa mtu mmoja hadi siku moyo huo unaposimama.

MFANO WA SAJINI

Uchukuliwe mfano wa sajini mstaafu wa polisi aliyejenga nyumba yake Molo. Alikuwa na mke mmoja wa ndoa na watoto watano. Alipofariki, tangazo lilisomwa redioni jioni: ameacha mjane na watoto watano. Ng'ambo ya mpaka, Busia, mwanamke muuza samaki alilisikia tangazo hilo akiwa na mwanawe mwenye umri wa miaka 22. Akazima redio, akamwambia kijana: "Waliohesabu wamekosea. Jiandae, mwanangu. Utakwenda kumzika baba yako."

Kijana hakwenda peke yake. Alifuatana na mjomba wake, mtu mzima, kama desturi inavyotaka. Walipofika hawakwenda kaburini kupiga kelele wala hawakudai kiti cha mbele. Walisalimu, wakatoa rambirambi yao, wakaomba kuonana na mkubwa wa ukoo. Mjomba akasema: "Mzee, sisi hatukuja kutafuta ng'ombe. Tumemleta mtoto aone mahali baba yake alipolala."

Mtoto wa kwanza wa marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, alikasirika. Akasema: "Sisi ni watano. Hata redioni imetangazwa hivyo. Huyu wa sita ametoka wapi, baada ya kusikia kwamba kuna malipo ya uzeeni?" Vijana wenzake wakaanza kunung'unika. Ndipo shangazi yao, dada wa marehemu, alipoinua mkono. Akawaambia: "Nyamazeni, wanangu. Mimi nilimbeba huyu akiwa na miezi minne. Kaka yangu alinikataza nisiseme, nami nikamtii. Sasa aliyenikataza hayupo."

Mjane hakuwa amesema neno. Watu walidhani anafikiria shamba. Alipofumbua kinywa alimwuliza shangazi swali moja tu: "Wifi, tangu lini?" Akajibiwa. Akahesabu kwa vidole, akaona kwamba mtoto huyo alizaliwa mwaka ule yeye mwenyewe alipokuwa amelazwa hospitalini na mimba ya mwanawe wa nne. Akaingia ndani, akafunga mlango, na hakutoka mpaka jua likazama.

Mfano huu unaonyesha jambo ambalo majirani hulisahau. Uchungu wa mjane katika saa hiyo hautokani na mali. Amepoteza mume mara mbili kwa wiki moja: mara ya kwanza kwa kifo, na mara ya pili kwa kugundua kwamba mtu aliyemlilia siku tatu hakuwa amemjua sawasawa. Na tena hawezi kumwuliza, kwa kuwa mwenye jibu amekwisha kufukiwa. Anayemwambia mjane huyo "samehe, ni mambo ya wanaume" humwongezea jeraha. Apewe muda. Shangazi na mama wakubwa wakae naye, wala asilazimishwe kumkumbatia kijana siku ileile mbele ya watu.

Uchungu wa kijana nao usidharauliwe. Miaka 22 ameandika jina la baba katika karatasi za shule bila kulijua umbo lake. Alipofika kumwona, alikuta sanduku lililofungwa. Ndugu zake wana kumbukumbu za kupigwa na baba, kufundishwa baiskeli na baba, kununuliwa viatu na baba. Yeye ana kadi ya kliniki na stakabadhi tatu za fedha. Anayemwona kijana wa namna hiyo kuwa mwizi wa urithi hana budi kujiuliza ni nani aliyenyimwa zaidi.

NYUMBA ZINAZOJULIKANA

Haya hayawapati watu wadogo peke yao. Barack Obama Mzee, ambaye kwao ni Kogelo katika Siaya, kaunti inayopakana na Busia, alifariki kwa ajali ya gari jijini Nairobi mwezi wa Novemba 1982. Aliacha watoto wa mama wanne, wengine Kenya na mmoja Marekani. Huyo wa Marekani alikuwa na umri wa miaka 21, naye tangu kupata fahamu zake alikuwa amemwona baba yake mara moja tu, huko Honolulu mwaka 1971. Mdogo wa mwisho alikuwa bado mtoto mchanga. Baada ya kifo cha baba, Auma, dada yake wa baba mmoja, alifunga safari kwenda Chicago kuonana naye. Na yeye kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1988 alikuja Kenya, akakaa na ndugu zake na kufika penye kaburi la baba yao. Mwaka 2009 kijana huyo akawa Rais wa Marekani. Jamaa hiyo ilikuwa na mabishano yake kama nyumba nyingine, lakini dada yule hakungoja wazee waamue kama ana kaka. Alikwenda mwenyewe kumtazama.

Upande wa pili wa mizani yuko marehemu Mbiyu Koinange, aliyekuwa waziri katika serikali ya Mzee Jomo Kenyatta. Alifariki mwaka 1981 akiacha mali nyingi, na mabishano juu ya nani ni mke na nani ni mrithi yakafika mahakamani. Kesi ikapita miaka 30. Waliokuwa vijana wakati wa maziko wakawa wazee wakingali wanasikiliza mashahidi. Mali inayogombewa kwa muda huo huwalisha mawakili kuliko watoto.

SHERIA INASEMAJE

Wengi hudhani kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hana haki mbele ya sheria. Dhana hiyo ilikwisha kupitwa na wakati. Nchini Uganda, tangu Sheria ya Urithi iliporekebishwa mwaka 1972, neno "mtoto" linamkusanya aliyezaliwa ndani ya ndoa, aliyezaliwa nje, na aliyeasiliwa kisheria. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981 inamtambua mtoto ambaye marehemu alimkiri au alimkubali kuwa wake. Na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa mafundisho ya Kiislamu mizani ni nyingine: mtoto wa nikahi ya pili, hata kama nikahi hiyo haikutangazwa mtaani, ni mrithi kamili, lakini aliyezaliwa nje ya nikahi humrithi mama yake. Hapo ni vyema kadhi aulizwe mapema.

Ni vyema pia hesabu ieleweke, kwa sababu hofu nyingi hutokana na kutojua hesabu. Marekebisho ya sheria ya Uganda ya mwaka 2022 yanasema kwamba marehemu asiyeacha wosia, akiwa ameacha mjane, watoto, jamaa wanaomtegemea na mrithi wa kimila, mali yake inayogawanywa hutolewa asilimia 20 kwa mjane, 75 kwa watoto, 4 kwa jamaa wanaomtegemea, na 1 kwa mrithi wa kimila. Katika nyumba ya yule sajini, watoto watano wangepata asilimia 15 kila mmoja. Akiingia wa sita, kila mmoja anapata asilimia 12 na nusu. Fungu la mjane halipungui hata chembe, kwa maana mtoto mpya huingia katika fungu la watoto. Mjane anayeambiwa na wakwe au na wanawe kwamba "huyu amekuja kukufukuza nyumbani" anatishwa kwa uongo. Nyumba ya kukaa ina ulinzi wake katika sheria, na haikatwi vipande kama mkate.

Kuficha nako hakufai. Malipo ya marehemu askari hayatolewi kwa maneno matupu; ofisi hudai barua za usimamizi wa mirathi. Nchini Uganda, anayezitaka barua hizo huanzia katika ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi ya Serikali ili apewe cheti cha kutokuwa na pingamizi, na huko huulizwa orodha ya warithi wote na habari za kikao cha ukoo. Nchini Kenya, chifu huandika barua ya kuwataja warithi, na tangazo huchapishwa katika Gazeti Rasmi ili mwenye pingamizi ajitokeze. Barua zilizopatikana kwa kuficha mrithi zaweza kufutwa na mahakama katika nchi zote mbili. Na askari wakumbuke kwamba faili hukaa makao makuu. Mara nyingine marehemu aliyemficha mtoto nyumbani alimwandika katika fomu za kazi, na jina hilo hungoja ndani ya kabati.

KUTAMBUA BILA KUGOMBANA

Jamaa ina haki ya kuuliza, kwa kuwa wako pia walaghai wanaosoma matangazo ya vifo. Lakini kuuliza kuna adabu yake. Kwanza zitazamwe karatasi: cheti cha kuzaliwa, kadi ya ubatizo au ya kliniki, barua, picha, stakabadhi za karo. Pili wasikilizwe watu: shangazi, rafiki aliyekaa naye kambi moja, jirani wa zamani wa mama mtoto. Mara nyingi hapo mambo huwa yamekwisha.

Ikiwa shaka ingalipo, kuna kipimo cha vinasaba. Maabara ya Serikali ya Uganda huko Wandegeya, Kampala, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, hufanya kazi hiyo. Si lazima kaburi lifukuliwe. Watoto wa baba mmoja na mama mbalimbali hushiriki kwa wastani robo moja ya vinasaba vyao, na watoto wa kiume wa baba mmoja wote hubeba kromosomu moja ya kiume iliyotoka kwake. Kaka wa marehemu naye aweza kutoa kipimo. Jambo la maana ni kwamba wote wakubali kwa hiari, na wakubali pia kulipokea jibu, liwe tamu au chungu. Anayedai kipimo na baadaye kukataa jibu hakuwa akitafuta ukweli.

Liko na jambo zito kuliko shamba. Katika sehemu hizi, Waiteso na Wapadhola huchukia ndoa ya watu wa ukoo mmoja. Vijana wa Molo, Malaba na Busia husoma pamoja, hukutana sokoni, makanisani na katika magari. Msichana wa nyumba moja na mvulana wa nyumba iliyofichwa waweza kupendana bila kujua, na hakuna anayeweza kuwaonya isipokuwa yule aliyenyamaza. Sheria nayo haicheki: Sheria ya Kenya ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 2006 inawahesabu ndugu wa baba mmoja sawa na ndugu wa tumbo moja katika kosa la zinaa ya maharimu. Siri ya mzazi yaweza kuwaumiza watoto wasio na hatia.

WAJIBU WA WALIO HAI

Kwa hiyo shangazi na wazee wa ukoo wanaojua habari ya namna hiyo wasijifanye makaburi. Waseme katika kikao, kwa sauti ya upole, kabla mtoto hajaja kusema mwenyewe. Watoto wa nyumbani wakumbuke kwamba aliyekuja hakujichagulia mlango wa kuzaliwa, na kwamba baba waliyemlilia ndiye aliyemleta. Kijana anayekuja naye aje na mtu mzima, aje kwa heshima, amtangulize mjane kwa salamu na aweke madai nyuma. Kiti huachiwa anayeomba pa kuketi kuliko anayevuta viti vya wenziwe.

Lakini mzigo mkubwa ni wa mtu aliye hai leo, mwenye kofia kichwani na kitufe kinachong'aa kifuani, ambaye kila mwisho wa mwezi hutuma fedha mahali ambapo mkewe hapajui. Huyo hana haja ya kungoja matanga yake. Aende ofisini akaandike majina ya watoto wake wote katika fomu za kazi. Aandike wosia na kuutia saini mbele ya mashahidi wawili wasiokuwa warithi. Sheria imemfikiria hata aliyeko vitani: nchini Uganda askari aliye katika mapigano aweza kutamka wosia wake kwa mdomo mbele ya mashahidi wawili, na sheria ya Kenya nayo inampa askari aliye katika utumishi wa vita nafasi ya namna hiyo.

Kisha alifanye lile lililo gumu kuliko fomu na wosia. Aketi na mkewe, amwambie. Siku hiyo haitakuwa njema. Huenda sahani zikavunjika, huenda wazee wakaitwa, huenda mke akaenda kwao kwa muda. Lakini mke huyo atakuwa na mtu wa kumwuliza, na mtu wa kumkasirikia, na mtu wa kumsamehe akitaka. Askari hufundishwa kwamba mlinzi haondoki penye zamu kabla ya kumkabidhi mwenzake habari zote, nzuri na mbaya. Nyumba ni zamu pia, na anayeondoka bila kukabidhi huwaachia mjane na mayatima ulinzi wa jambo wasilolijua.